Vipande Arobaini na Viwili

Siku fundi picha alipofariki, taa nyekundu ya chumba cha giza ilibaki ikiwaka hadi jioni. Watu waliingia na kutoka studio, wakabeba viti, wakalisogeza pazia lenye bustani ya kuchorwa, na hakuna aliyeizima taa, kwa sababu ndani ya chumba kile hakuna aliyezoea kugusa kitu bila ruhusa yake. Mwishowe mkewe aliingia mwenyewe, akasimama katikati ya harufu ya dawa za kusafishia picha, akapapasa ukutani. Miaka ishirini na moja ya ndoa, na hakujua swichi ilikuwa upande gani.

Fundi alianguka akiwa kazini, kamera iko kwenye jicho la kushoto, kichwa kimelala begani. Ndivyo alivyopiga picha siku zote. Mtaa mzima ulimwita Shingo Upande. "Anatupiga shingo upande, lakini tunatoka tumenyooka," walimtania, naye alicheka nao na kuwaambia wakae wima.

Baada yake nyumba ilibaki na wanawake watatu. Mjane, ambaye watu walimwita Mama Studio. Binti yake wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa amejifunza kamera kwa baba yake. Na Bibi, mama mzazi wa marehemu, aliyeishi chumba cha uani na kuwashonea majirani vifungo na pindo za nguo. Umri ulikuwa umemnyang'anya magoti na nusu ya meno, lakini si macho. Alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila miwani, na alipenda kufanya hivyo mbele ya watu.

"Leteni sindano nyembamba kuliko hii," alizoea kusema. "Hii ni mlango wa gereji."

*

Mwezi wa nne tangu msiba, redio ilitangaza kwamba jua litapatwa. Halitafunikwa lote, ila robo tatu yake itafichwa, kuanzia saa nne na dakika chache asubuhi, siku ya Alhamisi.

Kesho yake wateja walianza kuja, na si kupigwa picha. Walikumbuka mara ya mwisho, miaka kumi na mitano iliyopita, fundi alipowagawia vipande vya filamu nyeusi vya kutazamia.

"Na sisi mwaka huu tutatazama nini, Mama Studio, kisogo cha jirani?" aliuliza fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti iliyofika kabla yake.

"Fundi hayupo, dada yangu."

"Fundi hayupo, filamu zipo. Au na zenyewe zilimfuata?"

Bibi alisikia maneno hayo akiwa uani. Jioni alimwita mkwe wake. "Mwanangu aliwagawia watu wote. Hata wale waliomsema. Usiliache jina lake lizikwe mara mbili."

Mama Studio hakuhitaji kusukumwa sana. Ng'ambo ya barabara, kijana mmoja aliyeitwa Digitali alikuwa amefungua duka la picha la dakika mbili, na tangu msiba mteja mmoja kati ya watatu alivuka barabara. Tena mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani alikuwa amekuja na ombi: studio ipige picha jua likipatwa, zibandikwe shuleni, na zikipendeza, mkuu wa shule ataipa studio picha za wanafunzi wote za mwaka. Kazi ya namna hiyo ingebakiza kibao juu ya mlango.

Basi mama na binti wakakaa mezani. Chini ya kaunta kulikuwa na boksi la ncha za filamu, zile za mwanzo ambazo mwanga huzichoma na hazibebi picha ya mtu. Zilikuwa nyeusi tii. Walizikata, wakaziweka mbili mbili, wakazibana kwa gundi ndani ya fremu za kadibodi. Binti alichora fremu sita kwenye kila mfuniko wa boksi la karatasi za picha. Ishirini na nne zilikwenda shuleni, darasa la mwalimu. Kumi na saba zilikwenda mtaani, na kila aliyechukua aliandikwa kwenye daftari la wateja. Hawakumtoza mtu kitu.

Kwa siku tisa watu walipita wakisema, "Ahsante, Mama Studio, fundi hakufa." Alilala vizuri siku hizo tisa.

*

Jumatano, saa nane mchana, binti aliingia chumba cha giza kutafuta kitu cha kufunikia lenzi kwa ajili ya kesho. Nyuma ya chupa za dawa aliona kopo bapa la biskuti, na juu yake mwandiko wa baba yake: JUA.

Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya filamu na karatasi iliyokunjwa. Vipande havikuwa kama vile walivyokata. Hivi vilikuwa vya kijivu kizito, na ukivielekeza dirishani huoni dirisha. Alikwenda kuchukua ncha moja iliyobaki kwenye boksi la kaunta, akaishika pembeni yake. Nayo ilikuwa nyeusi, lakini kingoni ilikuwa na wekundu kama chai.

Akafungua karatasi. Aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena ameketi juu ya ndoo.

"Mama."

"Nina mteja."

"Mama, njoo."

Mama Studio alimwacha mteja na kola yake haijanyooshwa, akaja. Karatasi ilisema hivi:

*Jua likipatwa tena. Usitumie filamu ya rangi, hata ncha nyeusi. Tumia nyeusi na nyeupe peke yake, ina madini ya fedha, kama hizi tatu nilizozipata baadaye. Mwaka huu nyeusi na nyeupe niliwagawia watu zikaisha, mimi nikajitazamia na ya rangi, dakika chache tu. Haikuuma. Jicho la kulia halina katikati tangu siku ile. Wateja wasijue. Mama asijue.*

Hakuna neno lililosema mke wangu asijue. Hilo ndilo lililomuuma Mama Studio. Kwamba hakuandikwa hata kati ya wale wa kufichwa. Alikumbuka sasa: ni kweli, mwaka ule ndipo mumewe alipohamishia kamera jicho la kushoto. Alimuuliza sababu, akajibiwa ni kamera mpya. Akaamini. Miaka kumi na mitano alikuwa akitazamwa kwa upande mezani, akidhani ni maringo.

"Mama, tulizogawa ni zipi?" binti aliuliza, ingawa alijua.

"Za rangi."

"Zote?"

"Boksi lile lote ni la rangi."

Kutoka mbele mteja akapaza sauti: "Jamani, hii pasipoti napigwa leo au likishapatwa?"

*

Mwalimu wa sayansi alikuwa mtu mwembamba, na shati lake lilikuwa na chaki hata wikendi. Alisikiliza yote amesimama kwenye korido ya shule, akakishika kipande kimoja, akakitazama bila kukiinua.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Mimi ndiye mwalimu wa sayansi. Nilipokea nikashukuru." Akashusha sauti. "Rangi inafunika mwanga tunaouona. Ule tusiouona, unaochoma, unapita kama mlango wazi. Na kwa kuwa mbele ya macho pana giza, mtoto anakaza kutazama bila kufumba. Ni afadhali angelitazama jua tupu, angelikimbia."

"Tulizopata kwenye kopo ni za fedha," binti alisema. "Tatu. Tunaweza kuiwekea kamera?"

"Zimekaa miaka mingi, zina mikwaruzo. Na lenzi hulikusanya jua mahali pamoja. Mimi singeweka jicho langu nyuma yake, na lako siliweki. Hakuna kulielekezea jua kitu kesho, si jicho wala kamera."

"Na picha?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Si mna chumba cha giza?"

Alieleza haraka, akichora na kidole ukutani. Dirisha la chumba lizibwe kwa bati. Bati litobolewe tundu moja dogo kwa msumari mwembamba. Jua litaingia kwa tundu na kuchora sura yake kwenye shuka jeupe upande wa pili, dogo kama sarafu. "Unaligeuzia jua mgongo, unapiga picha ya shuka. Hakuna anayeumia."

Vipande ishirini na nne vya shule vilipatikana kabla ya kengele ya mwisho. Lakini mkuu wa shule, aliyekuwa amesikia habari, alitoka ofisini akamwambia Mama Studio mbele ya wanafunzi: "Mama, marehemu alikuwa fundi. Wewe ulikuwa mke wa fundi. Si kitu kimoja." Mama Studio alisema ndiyo, mkuu. Wanafunzi wa mstari wa mbele walimtazama usoni kuona kama atalia.

*

Vya mtaani vilikuwa vigumu zaidi.

Fundi cherehani alikataa kabisa. "Unanipa, unaninyang'anya. Umesikia Digitali anauza miwani ya makaratasi, na wewe unataka kuja kuniuzia changu?"

"Si hivyo, dada. Kitakuumiza macho."

"Mara ya kwanza mumeo alinipa, nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Nina macho ya paka mpaka leo. Hakuniumiza yeye, utaniumiza wewe?"

"Zile zilikuwa nyingine."

"Filamu ni filamu."

Mama Studio alisimama kizingitini. Alijua kuna neno moja tu litakaloufungua mkono ule, na kwamba akishalisema kwenye mlango huu atalisema kwenye mingine kumi na sita. Karatasi ilikuwa kifuani mwake, imeandikwa wateja wasijue.

"Mume wangu hakuwa na jicho la kulia," alisema. "Alilichoma kwa filamu kama hii. Siku ileile aliyokupa wewe nzuri."

 Fundi cherehani alifungua droo, akatoa kipande kutoka kati ya vibobini vya uzi, akakiweka mkononi mwa mwenzake bila kumtazama. "Na sisi tulikuwa tukimcheka ile shingo," alisema.

Nyumba kwa nyumba akarudia maneno yale. Kinyozi alimuuliza, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mtu, "Kwa hiyo picha ya harusi yangu ilipigwa na mtu wa jicho moja?" Mteja wake akadakia, "Ndiyo maana umetoka mzuri, aliona nusu!" Walicheka, kisha wakaona haya, na kinyozi akakitoa kipande. Mwingine alisema atakirudisha kesho saa saba, likishamalizika. Binti alikaa mlangoni kwake mpaka mwenyewe akachoka kumwona, akakitoa. Cha kumi na saba kilikuwa kwa mama yake Digitali. Digitali mwenyewe alikileta akivuka barabara, amekishika kwa ncha za vidole.

"Pole, Mama Studio. Kazi za watu hizi zina wenyewe," alisema, na hapakuwa na jinsi ya kujua kama ni huruma au ni kisu.

Giza lilipoanza kuingia walihesabu kwenye daftari. Arobaini na moja. Kila jina na alama yake. Mama Studio aliketi chini kaunta imemkinga, akavua viatu.

*

Bibi alikuwa amesikia. Fundi cherehani alikwishafika uani kutoa pole ya jicho, kana kwamba ni msiba mpya.

"Umemtembeza mwanangu," Bibi alisema. Alikuwa na suruali ya mtu mapajani, sindano imechomekwa. Hakushona. "Nyumba kumi na saba. Umemfukua ukamtembeza, watu wamuone ana kasoro."

"Mama, ningefanyaje? Watoto wa watu wangepofuka."

"Mwanangu alikuwa na macho mawili. Nilimzaa mimi, nilihesabu."

"Ameandika mwenyewe. Nikusomee?"

"Usinisomee. Karatasi haisemi, husemeshwa." Akaivuta suruali karibu. "Filamu zile kazishika yeye. Alizichoma kwa mkono wake, akaziweka. Leo ni sumu. Kesho mtasema na picha zake ni sumu, mzichome, kile kijana cha ng'ambo kipate nafasi."

Binti aliingilia. "Bibi, kesho ukae ndani tu. Au uje studio, utaliona kwenye shuka."

"Nenda kalale, mjukuu wangu. Mimi jua nalijua tangu mama yako hajazaliwa."

Mama Studio alimtakia usiku mwema.  Hasira ile aliiona, aliihesabu kama hasira tu, akaenda kutafuta bati.

*

Alhamisi saa nne, watu thelathini walikuwa wamebanana studio. Mkuu wa shule hakuja, lakini mwalimu alileta darasa lake. Waliingia chumba cha giza sita sita. Tundu la bati lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele, na kwenye shuka, juu kidogo ya meza ya dawa, kulikuwa na duara la mwanga, jeupe, kamili, dogo kama sarafu.

"Hilo ndilo?" mtoto mmoja aliuliza. "Mbona dogo?"

"Liko mbali," alisema mwalimu.

Saa nne na dakika kumi na mbili sarafu ilimegeka ukingoni. Chumba kizima kilivuta pumzi. Binti, mgongo wake kwenye dirisha, kamera juu ya miguu mitatu, alipiga ya kwanza. Mama Studio alishika saa na kumtajia kila dakika tano.  Nje mwanga ulianza kugeuka kama wa jioni iliyokosea saa, na kuku wa jirani akalia.

"Mama," binti alisema bila kutoa jicho kwenye kamera. "Zile fremu nilichora sita kwa kila mfuniko."

"Sawa."

"Tulikata mifuniko saba."

Mama Studio hakuwahi kuwa hodari wa hesabu, lakini hii ilijifanya yenyewe. Saba mara sita. Daftari lilisema arobaini na moja. Daftari liliandika waliopewa. Halikuandika aliyejichukulia mezani wakati wao wamekwenda kunawa gundi.

Alipita kati ya watoto akiwasukuma, akamkanyaga mwalimu, akatoka mlango wa nyuma.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake katikati ya uwanja, uso juu, mkono umeinuliwa. Mbele ya macho yake kilikuwepo kipande cha kadibodi. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayesikiliza.

"Mama! Toa!"

Alikinyakua. Bibi hakupigana. Alipepesa macho mara mbili tatu.

"Usipige kelele, nimekwisha kuona," alisema. "Limeumwa pale chini. Zuri."

"Umetazama tangu lini?"

"Tangu lilipoanza."

"Jicho gani?"

"Nina macho mawili, nitazame na moja kwa nini?" Na alipomwona mkwe wake amepiga magoti mchangani, akaongeza kwa sauti ya upole ambayo hakuitumia tangu msiba: "Haikuuma, mwanangu. Tazama, hata machozi sina. Kama ingekuwa sumu, si ingeuma?"

*

Asubuhi ya pili Bibi alichukua sindano. Aliinyoosha mbele, akalamba uzi, akakosa. Akajaribu tena. Mara ya nne aliiweka sindano mapajani, akasema taa ya siku hizi ni mbovu. Ilikuwa saa tatu asubuhi na jua lilikuwa limejaa uwanjani.

Daktari wa macho aliwaweka kwenye benchi kwa muda wa saa nne, akamwonyesha herufi, akamwangaza kwa tochi ndogo. Alipomaliza alizungumza na Mama Studio kana kwamba Bibi hakuwepo. Kidonda kiko nyuma, katikati, macho yote mawili. Hakuna dawa, hakuna miwani. Kwa wengine hurudi kidogo baada ya miezi; kwa umri wake asitegemee sana. Hatakuwa kipofu, atatembea, ataona mlango na ukuta. Atakachotazama moja kwa moja ndicho hatakiona.

"Kwani alitazama na nini?" daktari aliuliza, kalamu mkononi.

Mama Studio alifungua mdomo.

"Nilitazama tu," Bibi alisema. "Uzee. Andika hivyo."

Walirudi pamoja mpaka kwenye kibao cha studio. Hapo Bibi alisimama. "Ile karatasi," alisema. "Nisomee."

Alisomewa pale pale barabarani, watu wakipita. Ilipofika pale mwanawe alipoandika *Mama asijue*, alitikisa kichwa, akaomba lisomwe tena.

Picha za sarafu iliyomegeka zilibandikwa shuleni, kumi na nne, kwa mfuatano, na mwalimu akaandika chini yake jina la studio. Mkuu wa shule alizitazama, akasema zimetoka vizuri, na kazi ya picha za mwaka akampa Digitali.

Sasa binti hupiga picha za pasipoti na mama yake huzikata. Vifungo vya majirani anavishona fundi cherehani. Bibi huketi mbele ya studio asubuhi, na mtu akimsalimia, huinamisha kichwa begani na kumtazama kwa pembeni, mpaka uso umwingie.